Grothi ya Shingoni

Karatasi ilikuwa na maneno kama arobaini. Nililielewa moja tu, na hilo moja ndilo nililolielewa vibaya.

Nyuma ya shingo yangu, pale kola ya shati inapokaa, paliota kitu. Mwaka wa kwanza kilikuwa kama punje ya mtama, mama watoto akakigusa akasema ni kipele. Mwaka wa pili kikawa kunde. Kinyozi wangu akaanza kukizunguka na mashine kama dereva anayekwepa shimo, kisha akapandisha bei kwa usumbufu. Kilipofikia ukubwa wa korosho, na mimi korosho nazijua maana ndizo zilizonisomesha, nikaona niende kliniki. Kijana mwenye koti jeupe akakiminya, akaniuliza kama kinauma. Nikamwambia akiminya yeye ndipo kinauma. Akaandika, akakunja karatasi, akasema niipeleke hospitali baada ya sikukuu. Basi. Maelezo hakuna, siku hizi yanatolewa kwa maandishi kama risiti.

Nje, chini ya mwembe, nikaifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayefukuzwa. Lakini katikati, kwa herufi zinazosomeka vizuri kabisa, palikuwa na neno la Kiingereza: growth. Grothi!

Nikacheka peke yangu. Neno hilo ni rafiki yangu wa siku nyingi. Kila mwezi nalisikia pale wanapopimwa watoto, kila jioni nalisikia redioni, na siku ile sikukumbuka kulisikia limekuja na habari mbaya. Nikapita soko la Kashikishi, nikanunua samaki wawili wakubwa aina ya pale, maana ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba na ziwa lilikuwa karibu kufungwa kwa wavuvi, nikarudi nyumbani kama mtu aliyefaulu mtihani wa darasa la saba.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Kilwa. Na nikisema hivyo hapa Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, napata taabu, kwa sababu watu wananyoosha kidole ziwani kuonyesha kisiwa cha Kilwa, kile kinachoonekana hewa ikiwa safi, wakitaka kujua mimi ni wa ukoo gani wa huko. Nikikataa, wananiuliza kama basi natoka Kilwa ya ng'ambo, ule mji wa Kongo ulio ufukweni mwa Katanga. Nikikataa tena, wananitazama kama mtu anayeficha jambo. Kilwa yangu ni ya Bahari ya Hindi, Kilwa Masoko, jirani na yale magofu ya Kisiwani ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 1981. Nilikuja huku kwa kufuata biashara ya samaki wakavu, kupitia Tunduma, nikasema nakaa mwezi mmoja. Sasa nina wajukuu. Mdogo wangu aliwahi kunitumia kifurushi cha korosho, akaandika juu yake jina langu na "Kilwa". Zililiwa, sina shaka. Sijui tu zililiwa Kilwa ipi.

Turudi kwenye grothi, na nieleze urafiki wetu ulianzia wapi.

Mjukuu wangu ana kadi ya andafaivu, kadi ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mwezi bibi yake anakuwa na kazi, mimi ndiye ninayempeleka. Anavalishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, ananing'inizwa kwenye mzani unaofanana sana na ule ninaopimia samaki sokoni, anapiga mayowe, nesi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta zikiungana zinafanya mstari. Mstari ukipanda, nesi anasema grothi ni nzuri, bashikulu. Bashikulu ndiyo babu. Mstari ukilala, bashikulu anahojiwa: mtoto anakula nini, anakula mara ngapi, uji una karanga au hauna. Nimewahi kuhojiwa miezi miwili mfululizo. Tangu hapo, usiku wa kuamkia kliniki nampa uji mpaka anakataa. Mzani hauulizi chakula kimekaa tumboni tangu lini.

Na hilo la kula lina historia. Siku za mwanzo za ndoa, shangazi wa mke wangu alikuja kumwona mtoto wetu wa kwanza, akamgeuzageuza, akasema kwa Kibemba, "Alekula." Mimi, mkwe mwenye adabu, nikajibu, "Ale tu, shangazi, chakula kipo." Chumba kizima kikanyamaza. Kumbe alikuwa amesema mtoto anakua. Wenzetu hawa wameibakiza ile "l" ambayo sisi wa pwani tuliiangusha njiani, nadhani kwa uchovu wa joto. Wao wanasema kukula, sisi kukua. Wao wanasema mukulu, sisi mkuu. Hata hilo "bashikulu" ninaloitwa lina ukuu huohuo tumboni mwake. Kwa hiyo kwa sikio langu kukua na kula vimeshikana tangu siku ile, na sijaona ushahidi wa kuvitenganisha.

Basi jioni ile nikamwonyesha shemeji yangu karatasi. Shemeji alifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadi leo akila anatafuna kama anasahihisha. Akaisoma, akaacha kutafuna.

"Umeona kilichoandikwa kabla ya hilo neno?"

Nikatazama. Palikuwa na "a".

"Hiyo? Nilidhani inzi alipita."

"Hiyo," akasema, "ndiyo ugonjwa wenyewe."

Akanieleza, na nitalieleza kwa kadiri nilivyoelewa huku pale akinikwama kooni. Grothi bila "a" ni ukuaji: wa mtoto, wa mahindi, wa uchumi. Haihesabiki, na nchi zinaiombea dua. Ukiitangulizia "a", inakuwa kitu kimoja kinachohesabika, kimekaa mahali ambapo hakikualikwa. Yaani uvimbe. Grothi ya kwanza inatangazwa bungeni. Ya pili inakatwa kwa kisu. Tofauti ni herufi moja, tena ndogo, tena iliyoandikwa na kijana mwenye haraka.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaisha. Lugha gani hii inayomruhusu mgonjwa aende kununua samaki wa kusherehekea? Kwetu haiwezekani. Uvimbe ni uvimbe, hata mlevi anajua. Mtoto anakua, ndevu zinaota, andazi linaumuka, jipu linaiva, mto unafurika, mji unapanuka, deni linazaa. Ukinitajia kitendo tu, tayari najua nishangilie au nitafute nauli ya hospitali. Mwingereza yeye ana gunia moja, anatia humo mtoto, mahindi, ndevu, deni na shingo yangu, anafunga kamba, anakupa ubebe.

Shemeji akawatetea, kwa sababu pensheni yake imetokana nao. Akasema hata wao hawakuwa hivyo zamani. Katika Kiingereza cha kale, kitenzi chao hiki kilikuwa hasa cha mimea, ndugu wa damu wa maneno yao ya nyasi na rangi ya kijani. Watu na wanyama walikuwa na kitenzi chao kingine kabisa, ambacho baadaye kilizembewa mpaka leo kimebaki kazi yake kubwa ni kuusemea mwezi unapoelekea kuwa mpevu.

"Kwa hiyo kwa asili ya neno, mimi nimeota nyasi shingoni."

"Kwa asili ya neno, ndiyo."

Mama watoto akachukua kipande cha pale kilichobaki kwenye sahani yangu, akasema mgonjwa hali sana.

Saa mbili usiku redio ikawashwa. Mtaalamu akaanza: grothi mwaka huu, grothi mwaka ujao, grothi ya sekta. Kila alipolitaja, mkono wangu ulikwenda shingoni. Nikatamani kumuuliza, mwanangu, ni ile yenye "a" au isiyo nayo? Kwa sababu mambo ya nchi nayo yana uvimbe wake. Mimi nimeishi Zambia ya kwacha ndefu. Nimewahi kubeba milioni mfukoni na nikashindwa kununua baiskeli. Sufuri zilikua na kukua mpaka tarehe 1 Januari 2013 serikali ikakata tatu, elfu ya zamani ikawa kwacha moja. Ule ulikuwa upasuaji, na hakuna aliyeuita hivyo. Siku ile nililala tajiri wa mamilioni nikaamka na maelfu, na samaki gunia ni lilelile.

Kisha ukaja mwaka 2020. Korona, madeni, nchi ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake za nje mwezi wa Novemba, na uchumi ukapungua kwa karibu asilimia 2.8. Nasema ukapungua kwa sababu ndilo neno la mtu mzima. Wataalamu hawakusema hivyo. Walisema grothi hasi. Ukuaji hasi! Yaani uchumi unakua, ila kuelekea chini. Katika maisha yangu yote kitu ninachokijua kinachokua kuelekea chini ni muhogo, na muhogo angalau ukiuchimba unaula.

Wenye lugha yetu walipotakiwa kulivaa neno hili hawakuwa na pa kujificha. Mwaka 2005 Tanzania ilipata mpango wake, MKUKUTA, Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini. Kwa Kiingereza mpango huohuo ulitaja grothi tu, imesimama peke yake kama mlingoti, haina mwenyewe. Waswahili wakalazimika kuandika kukuza, na kukuza ni kitendo chenye mtu nyuma yake. Kitu kikikuzwa, kuna anayekuza. Nilikuwa nimekwenda kusalimia nyumbani, nikamsikia mzee mmoja kwenye baraza la kahawa akiuliza swali moja tu: anayekuza ni nani, na analipwa na nani? Hakujibiwa. Aliongezewa kahawa.

Jumamosi yake ndipo nilipokutana na grothi ya tatu, na hii sikuitegemea kwa sababu ilikuja kwa njia ya maji.

Palikuwa na mkutano wa wavuvi na wachuuzi, kukumbushana kufungwa kwa ziwa. Hapa upande wetu wa Zambia uvuvi ziwani husimama tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaliana. Kila mwaka tunakumbushwa, kila mwaka tunajifanya ndiyo kwanza tunasikia. Bwana samaki, kijana mpole mwenye buti za mpira, akahutubia kwa Kibemba na kuchanganya Kiingereza pale sayansi ilipokolea. Walikuwapo pia watu wa ng'ambo, kutoka Kilwa ile ya Kongo, waliovuka kwa biashara. Wao wanasema Kiswahili cha Katanga. Basi nikasukumwa mbele nitafsiri. "Bashikulu ni Mswahili," wakasema, kana kwamba ni ufundi kama useremala.

Niliendelea vizuri mpaka bwana samaki aliposema kuna uvuvi wa kupita kiasi wa aina mbili, na ya kwanza inaitwa, kwa neno lao, ya grothi. Mkono ukaenda shingoni wenyewe.

"Ya grosi?" akauliza mmoja wa ng'ambo. Wenzetu wale "th" haiwakai mdomoni. Na kule, kwa Kifaransa walichorithi, grosi ni unene, na bei ya angro ni bei ya jumla. "Papa, anasema tuvue wanene, ao tuuze angro?"

Nyuma yake jamaa wa Kashikishi akamsahihisha: si grosi, ni gulofu. Nikajisemea, laiti angekuwapo mtu wa Dar es Salaam, angesikia grosari akauliza bia ziko wapi.

Nikamwomba bwana samaki anieleze kitu chenyewe, neno aliache. Akaeleza, na wallahi lilikuwa jambo la maana kuliko yote niliyosikia wiki ile. Pale mchanga, akasema, ana uzito mdogo leo, lakini ukimwacha msimu mmoja au miwili anajiongezea nyama bila wewe kumlisha. Ukimvua akiwa na urefu wa kidole, umepata kidole, umepoteza kiganja. Hujamaliza samaki ziwani, umemaliza kule kukua kwao. Ndiyo aina ya kwanza. Ya pili ni kuvua wazazi wenyewe wakiwa njiani kwenda kutaga, hapo hata cha kukua hakitazaliwa.

Hiyo ya pili wazee wa hapa hawahitaji kufundishwa, ina jina, inaitwa mpumbu. Zamani mvua zikinyesha samaki wa jina hilo walitoka ziwani wakapanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, watu wakiwasubiri na nyavu. Mayai yao yalipendwa, nyama yao ilipendwa, na soko lilikuwapo: migodi ya Katanga ilitaka kulisha wafanyakazi, na Wagiriki wa Kasenga walikuwa wakisafirisha samaki wa Luapula kwenda Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakavuliwa mlangoni mwa chumba cha uzazi, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 ile safari yao kubwa ikawa imekwisha. Babu yake mke wangu, kila mvua za kwanza, alikuwa akienda kutazama mto. Haendi kuvua, anatazama tu, kisha anarudi.

Ikabidi nitafsiri. Nikawageukia wa ng'ambo, nikasema, "Anasema mnakula watoto kabla hawajakua."

Kimya. Halafu mzee mmoja wao akanijibu kwa upole, "Na nani anawanunua?"

Naomba nisiulizwe sana kuhusu swali lile. Pale wadogo huuzwa kwa beseni, ni rahisi, hukauka upesi, na mteja wa mjini akishawakuta kwenye mchuzi haulizi umri. Nimenunua. Nilijitetea kwamba chisense, dagaa wa hapa, nao ni wadogo. Bwana samaki akanikatiza mbele ya watu: chisense ndiyo utu uzima wake ule, bashikulu, hata umwache miaka kumi hafiki urefu wa kidole chako, yeye mvue kwa taa zako usiku, hana kesi. Pale ndiye mwenye kesi. Nikatafsiri na hilo, kwa sauti ndogo.

Akamalizia kwa hesabu. Watu wa nchi hii walikuwa milioni 13 sensa ya mwaka 2010, na sensa ya mwaka 2022 wakawa milioni 19.6. Ziwa Mweru ni lilelile, kilomita za mraba 5,000 na ushee, tumegawana na Kongo, na halijaongezeka hata upana wa kasia. Hapo nikagundua kwamba katika hesabu hiyo grothi ilikuwa ya watu tu, na bwana samaki alikuwa ameisema bila "a". Nilisikiliza kwa makini.

Desemba ikaingia, ziwa likafungwa. Soko la Kashikishi likawa la nyanya na sabuni. Nyumbani tukaingia kwenye utawala wa kisamvu: kisamvu na ubwali, ndiyo ugali, wa muhogo mchana, kisamvu na ubwali wa muhogo usiku, maana yake tunakula mti mmoja juu na chini. Mafuta ya kupikia mama watoto aliyapima kwa kijiko cha chai, na chupa akaiweka chumbani. Mjukuu alipopimwa mstari wake ukalala, nikahojiwa tena.

Januari nikaenda hospitali. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilikuwa nimemwuliza shemeji kama ile "a" inaweza kuwa na maana nyingine, ya kheri, akasema Kiingereza hakijafika huko. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye mikono myepesi, akanichoma sindano ya ganzi, akaniambia nitazame ukuta. Nikautazama mpaka nikaujua kwa majina. Haikuchukua muda. Nikasikia kitu kimedondoka kwenye kisahani cha chuma, akanionyesha: kidonge cha manjano, laini, kinang'aa.

"Mafuta, bashikulu. Mafuta matupu. Hakina ubaya."

Alhamdulillah. Nikataka hata kumkumbatia, ila nilikuwa nimelala kifudifudi. Mama watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge changu, akasogea akakitazama kisahani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mafuta?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta kiasi hicho? Tangu Desemba?"

Daktari akamweleza kwamba uvimbe wa namna hii huchukua miaka, wala haupatikani kwa chakula, wembamba nao wanaota. Alieleza vizuri sana, kwa Kibemba safi. Maelezo hayakufika. Mama watoto alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake, akiujumlisha ule mzunguko wangu wa kila wiki sokoni, mahindi ya kuchoma ninayosema sili, na siku niliyorudi na harufu ya chisense wa kukaanga nikasema ni upepo wa ziwani.

Hakunisemesha njia nzima. Tulipofika, majirani walikuwa wamekaa kibarazani kunipa pole, wakamwuliza yeye, maana mgonjwa haulizwi, kwani kilikuwa ni nini hasa kile cha shingoni. Akaweka kitenge chini, akajifunga vizuri kiunoni.

"Alekula," akasema.

Sikuuliza kwa lugha ipi.